Mshono wa Kwapani

Kufuli lile nililivunja mwenyewe kwa kisogo cha shoka, mchana kweupe, nikiwa na hasira zangu. Nalisema mapema ili mtu asije akanizungushia maneno, mara shetani, mara mizimu ya ukoo. Ulikuwa mkono wangu mimi, Gladys, mama Ronald wa Kilema, na parokia nzima inajua kwamba nikikasirika hata mbuzi wa jirani wanaacha kulia.

Ilikuwa Agosti, mwaka tisini na sita. Mimi na mume wangu Wenseslaus tulibakiza wiki tatu tufikishe miaka ishirini na mitano ya ndoa, jubilei ya fedha, na nilimwomba nguo zake chakavu kwa ajili ya blanketi. Akasema hana. Hana! Mtu mwenye sanduku la bati chini ya kitanda, limefungwa tangu mtoto wetu wa kwanza ananyonya, na ufunguo anauvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Nikamwambia, "Baba Ronald, humo umeficha nini, mahari ya mke wa pili?" Akachukua panga lake akaenda kupogoa kahawa. Nami nikachukua shoka.

Sasa nieleze hilo blanketi, maana bila hilo hamtanielewa.

Kikundi chetu cha kushona kilianzishwa na Sista Madeleni, mtawa wa Kanada, miaka ile ya shida, wakati duka la kijiji lina chumvi na viberiti tu na kitambaa kipya unakisikia redioni. Alitufundisha kushona blanketi la viraka. Tulimcheka. Viraka tulikuwa navyo tayari, tena makalioni. Lakini baadaye mitumba ikaruhusiwa, nguo zikawa za kumwaga, na ghafla blanketi la viraka likawa fahari, kitu cha kuanika uani ili wapita njia waone. Rafiki yetu Violet, anayeuza mitumba Moshi mjini na siku za gulio anakwenda hadi Tarakea, ndiye aliyetuletea vitambaa na umbea kwa pamoja.

Kwenye ukuta wa chumba cha kushonea Sista alitundika kitambaa kikubwa cha sufu, kazi ya wanawake wa kaskazini ya mbali ya kwao, alikofanya utume ujanani. Wenyewe wanaitwa Wainuiti. Sisi tuliwaita watu wa barafu. Juu ya sufu nyeupe walikuwa wamekata watu, ndege na samaki wa vitambaa vya rangi, wakawashonea kingo kwa uzi mnene. Palikuwa na bundi mwenye uso wa mama mtu mzima. Palikuwa na mwanamke ameshika kisu cha duara, nusu mwezi hivi, na chini ya miguu yake, ndani ya barafu, mwanamume amelala macho wazi. Yule mwanamume sikumpenda. Ukikaa kona yoyote ya chumba, anakutazama wewe. Violet alikuwa anamgeuzia kiti, anasema hawezi kutunga sindano huku anahesabiwa nywele.

Lakini kazi yenyewe, jamani, ilituingia. Tuliacha kushona miraba mitupu, tukaanza kukata watu wetu: bibi harusi, mgomba, ng'ombe wa mahari, mlima na kofia yake nyeupe. Ndivyo lilivyozaliwa blanketi la jubilei. Kanuni zake nilizitunga mimi, maana mdomo ninao, na wenzangu walizishika kama amri kumi. Vitambaa vyote vitoke nyumba ya wanandoa wenyewe. Mwenye jubilei analeta mfuko, wenzake wanachomoa bila kutazama. Ulichochomoa hakirudi mfukoni. Kila mmoja anakwenda kushona kipande chake nyumbani, na mwenye jubilei haoni kitu mpaka siku ya siku, blanketi linapotandazwa mabegani mwake na mumewe mbele ya watu. Tulikuwa tumeshona tisa, za fedha saba na za dhahabu mbili.

Fundi kuliko sisi sote alikuwa Kornelia, mama Julius. Huyu na mimi tulifunga ndoa siku moja, misa moja, mimi na Wenseslaus, yeye na Sirili. Waume zetu walikuwa wapagazi, wanabeba mizigo ya wageni mlimani, marafiki wa kugawana hadi ugoro. Mwaka sabini na nne walipanda wawili, akashuka mmoja. Ukungu uliwafunika kwenye tambarare ile iliyo kati ya Mawenzi na Kibo. Sirili alitafutwa siku nne, hakikuonekana hata kiatu chake. Kornelia alikuwa na mimba ya Julius, na mpaka siku hiyo ninayoisimulia hakuwa na kaburi la kupalilia.

Wenseslaus alipoulizwa mbele ya ukoo, alisema hivi: Sirili alilalamika njia nzima kwamba koti lake linapitisha upepo kwapani. Baridi ikamzidi, akakaa chini, hakuinuka.

Lile koti la sufu alipewa na mgeni. Kornelia ndiye aliyelitia bitana na kulishona upya kwapani, usiku wa kuamkia safari, mafuta ya taa yameisha, anaonea kwa makaa ya jikoni. Kwa hiyo mbele ya ukoo mzima ilijulikana kwamba mshono wa mke ndio uliomuua mume. Hakuna aliyemwambia usoni. Ila wanaume wa Kilema hawakumpelekea koti tena. Gauni watampelekea, shuka watampelekea, hata kanzu ya padri aliishona, lakini koti la mwanamume, hapana, miaka ishirini na miwili. Naye aliamini kuliko wote. Kila alichoshona alikifumua mara mbili, mara tatu, akakishona upya, mpaka nikamfokea kwamba atamaliza uzi wa Tanzania nzima.

Siku moja Sista, bila kujua, akatusimulia kwamba kule kwa watu wa barafu mwindaji anaishi kwa sindano ya mkewe. Mke anashona koti la ngozi mshono mdogo mdogo, maji yasipite, upepo usipite. Ukipita, mume harudi.

Kornelia akauliza, "Na asiporudi, mke anafanya nini?"

Jibu hakulingoja. Kornelia akainuka, akasogea mpaka ukutani, akamtazama yule mwanamume aliyelala ndani ya barafu. "Huyu hana koti," akasema. Tulikuwa tumekaa naye miaka sita na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo. Wote kwenye kitambaa kile walivaa makoti, hata watoto. Yeye peke yake hakuwa nalo.

Haya, tumrudie mwenye shoka.

Ndani ya sanduku hapakuwa na mahari wala barua za hawara. Palikuwa na koti moja la kijivu, limekunjwa vizuri, na nilipoligusa baridi yake ikanipanda hadi kiwikoni. Nikadhani ni unyevu wa sakafu. Makoti ya kijivu ya wageni, mpagazi gani wa zamani hana? Sikulikunjua hata. Nililisokomeza mfukoni pamoja na kanga zangu za uzazi na kaptula za shule za Ronald, nikaubeba mfuko mgongoni mpaka kwenye chumba cha kushonea.

Violet alichomoa wa kwanza, akatoka na kaptula. "Mae! Ronald alikuwa na makalio haya?" Tukacheka mpaka machozi. Wengine wakachomoa kanga, shati, mto. Ikafika zamu ya Kornelia. Akaingiza mkono, na mkono ukakaa humo.

"Mama Ronald," akaniuliza polepole, "nguo hizi umezifua leo?"

"Sijafua. Kwani vipi?"

"Hii ina maji."

Akalitoa koti. Kweli, likaanza kudondosha sakafuni, tone, tone, na mimi nimelibeba kilomita mbili na mgongo wangu mkavu. Kicheko kikatukauka. Kornelia akaingiza vidole kwapani mwa koti, akavipitisha kwenye mshono taratibu, punje kwa punje, kama anayesali rozari, macho ameyafumba. Kisha akalikunja, akalitia kwenye kikapu chake. "Hili linanitosha," akasema, na akaaga kabla ya chai. Kornelia hakuwahi kuondoka kabla ya chai.

Violet akanishika mkono. "Mama Ronald, yule wa ukutani leo hanitazami mimi. Anatazama mlango." Nikamwambia aache upuuzi wake. Lakini na mimi nilitazama, na nilitamani nisingetazama.

Kuhusu mume wangu sijawaambia jambo moja. Alikuwa mtu wa baridi. Januari, Moshi mjini, watu wanajipepea kwa magazeti, yeye kavaa sweta na juu ya sweta koti. Nyumbani alikaa ameupa mlima mgongo, na asubuhi mlima ukifunguka, Kibo ikang'aa mpaka unaona mikunjo yake, yeye anaingia ndani na kufunga dirisha. Mimi nilisema ni uchungu wa rafiki yake. Nilimhurumia. Niliwafokea wanangu wasimsumbue baba yao mlima ukiwa wazi. Miaka ishirini na miwili nimemhurumia, na huruma si mali yangu ya kila siku.

Kesho yake asubuhi mlima ulikuwa wazi. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku.

"Koti liko wapi?" Hakufoka. Kama angefoka ningejua la kufanya.

"Liko kwa wenzangu, linashonwa. Koti lenyewe bovu, linanuka..."

"Nani kalichomoa?"

Hakuuliza kwa nini nimevunja kufuli. Hakuuliza lingine lolote. "Kornelia," nikasema. Mume wangu akakaa sakafuni kama gunia lililokatwa kamba.

Alinieleza pale pale, sauti ya chini, huku mgongo wake ameuelekeza dirishani. Sirili hakuzidiwa na baridi. Aliumwa na mlima, kichwa kinampasuka, anatapika, miguu haimbebi. Wenseslaus alikuwa na mashati mawili tu. Akamwambia, nipe koti nishuke haraka nikalete watu. Sirili akamjibu, nikikupa koti nitakufa, kaa na mimi.

"Nikamvua," akasema. "Alinishika mikono, nikamvua. Nikashuka. Aliniita, 'Wense! Wense!' Mpaka nafika kwenye mawe bado namsikia."

"Na habari ya kwapa?" nikamuuliza.

"Mjomba wake aliniuliza, koti lile lilikuwa zito, baridi imepitia wapi? Ilibidi niseme kitu." Akajifuta pua kwa mkono. "Nilijaribu kulichoma, Mama Ronald. Halishiki moto. Nikalifungia. Mlima ukifunguka bado ananiita."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, niliinua mkono. Kisha hasira ikanitoka na mahali pake pakaingia woga, na woga wenyewe ulikuwa wa aibu tu. Niliwaza pombe ya mbege iliyokwisha kuwekwa, kadi mia mbili zilizokwisha kutumwa, padri, wanangu wakija kutoka Arusha na Dar, jina letu. Mungu anisamehe, Kornelia nilimwaza mwisho. Nikajifunga kanga, nikaenda kumnyang'anya.

Nilimkuta barazani kwake anashona, kazi ameilaza magotini na kuifunika kwa kitenge nisiione. "Mama Julius," nikaanza, na uongo wangu nimeupanga vizuri, "lile koti nilikosea. Si la nyumbani kwangu, ni la watu. Kanuni inakataa cha watu. Nirudishie, nikupe shati zuri la Baba Ronald."

"Ni kweli," akasema. "Si la nyumbani kwako." Sindano yake haikusimama. "Lakini ulichochomoa hakirudi mfukoni. Uliitunga mwenyewe hiyo."

Nikajifunga kanga upya, na wala haikuwa imelegea.

"Shemeji hajambo?" akauliza. "Baridi inamsumbua?"

"Kidogo."

"Mwambie avumilie. Jubilei imefika."

Alikata uzi kwa meno, akatunga mwingine, akaendelea. Hapo ndipo nikagundua kilichokuwa tofauti tangu nifike. Alikuwa hafumui. Alishona mstari mzima, akaugeuza, akaanza mwingine. Hakurudi nyuma hata mara moja. Nikaaga, na njia nzima ya kushuka mgombani nilijiambia labda hajui.

Kazi ya kuunganisha vipande ilikuwa ya Violet, kwa sababu ana cherehani ya miguu. Siku mbili kabla ya sherehe alinivuta pembeni kanisani, kanuni zote kazisahau. "Blanketi lako litaniua. Kipande kimoja hakikauki. Nimekianika siku tatu. Nikipitisha pasi inalia kama paka aliyekanyagwa, mvuke nyumba nzima. Na jana asubuhi nimekikuta kimepiga weupe, barafu ya friji kabisa, na mimi friji sina!" Alicheka peke yake. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, na mimi najua ufunguo wa Violet unakaa chini ya chungu cha maua.

Nilikwenda saa nne asubuhi na mkasi.

Blanketi lilikuwa limetandazwa kitandani, zuri, Mungu wangu, lilikuwa zuri. Kaptula za Ronald zilikuwa zimekuwa ng'ombe. Kanga yangu ya uzazi ilikuwa mgomba wenye mkungu. Na juu, upande wa bega la kulia anakokaa mwanamume, palikuwa na kipande cha Kornelia.

Alikuwa amemshona yule wa ukutani. Kitambaa cheupe, na ndani ya weupe mwanamume amelala macho wazi, mikono ameinyoosha, hana koti. Juu yake mwanamume mwingine anashuka, amempa mgongo. Huyu anayeshuka hakushonwa kwa kukatwakatwa. Kornelia alikuwa amechukua sehemu ya koti nzima nzima, bega na kwapa na bitana yake, akaifanya mwili wa mtu. Mshono wa kwapani ulipita katikati ya mgongo wake. Sindano mbili mbele, moja nyuma, mbili mbele, moja nyuma. Mkono wa Kornelia, kipofu angeujua. Na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimeenda kumwambia kwamba koti ni la watu.

Niliingiza mkasi kwenye pindo. Dakika moja tu, ningekata, ningebandika kanga, Violet ningemtungia uongo. Kitambaa kilikuwa na baridi ya kuuma mifupa ya vidole. Sijui kwa nini nilikiinua dirishani. Vipande vyote vingine, ukivitazama kwenye mwanga, jua linapenya kwenye mishono, vitundu vidogo vidogo, hata kwenye kazi yangu hupenya. Mshono wa Kornelia ulikuwa giza. Haukupitisha hata nukta. Nikaushika kwa mikono miwili nikauvuta, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na mimi napasua kuni. Maji yalinitiririka mpaka viwikoni. Hakuna uzi hata mmoja uliolegea.

Miaka ishirini na miwili. Ameshona gauni zetu, sare za wanetu, mablanketi tisa ya ndoa za watu, na usiku anajilaumu kwa mshono ambao dume la ng'ombe lisingeuchana. Na sisi tukamwacha ajilaumu, na mimi nalala na mwongo kitanda kimoja, namfunika shuka.

Sikufanya ushujaa wowote. Nilikaa kitandani kwa Violet nikalia kwa sauti, kisha nikaweka mkasi mfukoni na kuurudisha ufunguo chini ya chungu. Mume wangu sikumwambia kitu. Jioni aliponiuliza kama nimelipata koti, nilimwambia, "Halirudi."

Jumamosi ya jubilei mlima ulikuwa umefungwa, wingu limeshuka mpaka msituni, na Wenseslaus akachangamka kidogo. Kanisani padri alituambia turudie ahadi. Niliirudia. Nilipofika kwenye taabu na raha nilimtazama Kornelia, benchi la tatu, gauni la bluu, peke yake siku ambayo ilikuwa jubilei yake pia, na hakuna aliyemkumbuka.

Nyumbani palijaa watu, turubai mbili, ndizi za machalari, mbege kwenye vibuyu, kwaya. Shangwe ya blanketi ikafika. Violet na wenzake walilileta limekunjwa, wakaimba, na kama ilivyo desturi yetu mmoja akatakiwa kututandazia mabegani. Kornelia akasogea mbele kabla hajaitwa. Nilihisi mume wangu kando yangu anarudi nyuma hatua, na nikamshika kiwiko. Nilimshika kwa nguvu. Hilo nililifanya mimi.

Blanketi likatushukia. Upande wangu lilikuwa la kawaida, joto la pasi bado limo. Upande wake niliona nguo za sherehe zikilowa begani, doa likishuka kifuani. Kornelia alilivuta vizuri, akalisawazisha, akambana shingoni kama mama anavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Watu walikuwa wanapiga makofi. Akamwambia, bila kupaza sauti, lakini makofi yalikufa yenyewe na kila mtu akasikia:

"Vaa, shemeji. Halipitishi upepo."

Wenseslaus alianza kutetemeka. Meno yaligongana, tulikuwa tunayasikia. Watu wakadhani homa, mtu akaitisha maji ya moto. Ndipo kule juu wingu likapasuka, Kibo ikatoka yote, nyeupe, karibu mno, na mume wangu, ambaye sijamwona akiutazama mlima tangu mwaka sabini na nne, akageuza shingo.

"Naam," akaitika.

Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Naam, Sirili. Ninalo. Koti ninalo mimi." Kisha akaanguka magotini, na pale pale mbele ya padri na wanawe akasema yote, alivyomvua, alivyoitwa, alivyodanganya kuhusu kwapa. Mzee mmoja wa ukoo wa Sirili alisimama, akakaa, akasimama tena. Julius, mtoto wa Kornelia aliyezaliwa hana baba, alitoka nje ya turubai akaenda kushika mgomba kwa mikono miwili.

Mimi nilitoka chini ya blanketi. Nilikwenda nikasimama upande wa Kornelia, na sikujua niiweke wapi mikono yangu. Sikuwa na haki ya kumshika. "Nilikwenda na mkasi kwa Violet," nikamwambia. "Ujue hilo."

"Najua. Umeacha alama kwenye pindo." Akaufungua mkono. "Unao?"

Nikampa, maana tangu jana ulikuwa haujanitoka mfukoni. Akapiga magoti nyuma ya mume wangu, akaanza kufumua kipande chake, uzi mmoja mmoja, mbele ya watu mia mbili. Huyu mwanamke ambaye alikuwa hawezi kuona mshono wake bila kuufumua, alifumua kingo zote nne, akamtoa yule wa barafu, akalivua bega na bitana kutoka kwenye kitambaa cheupe. Mshono wa kwapani hakuugusa. Akanipa nishike. Kilikuwa kikavu, na kina joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Kilizikwa wiki ile kihambani, shamba la nyumbani kwa Sirili, kwenye jeneza dogo alilochonga Julius. Wazee walimpeleka Wenseslaus na jani la mmea wa sale mkononi, kuomba msamaha kama inavyotakiwa kwetu. Kornelia alilipokea. Alilichomeka juu ya kaburi na kwenda kunawa mikono. Kabla ya Krismasi wanaume watatu walikuwa wamempelekea makoti.

Mimi bado niko kwangu. Watu wanashangaa sijaondoka, na mimi naona hiyo haiwahusu. Mume wangu analala chumba cha jikoni karibu na moto, na blanketi ni langu. Lina tundu, mraba mzima, upande wa bega la kulia. Violet ameomba mara nyingi anizibie, nimekataa. Mlima ukifunguka upepo unapita hapo hapo, na unapita ukiita jina. Nalisikia vizuri kabisa sasa, si kubwa, si la hasira. Wense. Wense.

Siinuki. Namwacha aitikie mwenyewe.